Askari mstaafu anayetaka kulima: kabla ya kumpa shamba, mpeni msimu mmoja kwenye shamba la mwenzake

Mtu wa Ugani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za mihangaiko.

Kila mjadala wa askari wastaafu ukiibuka, jibu huwa limeshapikwa: wapewe ardhi, wapewe mikopo, walime. Watu wanamwona mtu aliyezoea kuamka alfajiri na kushinda juani bila kulalamika, wanahitimisha kwamba huyu ni mkulima tayari, bado jembe tu. Mimi kazi yangu ni ugani, yaani kuwafundisha na kuwashauri wakulima, na nimekaa na wastaafu hao sana mashambani. Msimamo wangu ni kwamba ardhi iwe ya mwisho. Cha kwanza ni msimu mzima, tangu kutayarisha shamba mpaka kuhesabu fedha za mauzo, mstaafu akiwa chini ya mkulima mwingine na hasara ikitokea iwe ya mkulima huyo. Kiinua mgongo kikae benki kwanza.

Habari ya kugawa mashamba ni ya zamani mno. Roma ilikuwa ikiwapa askari wake ardhi wakimaliza utumishi. Mwaka 14 baada ya Kristo vikosi vya Roma vilivyokuwa jimbo la Panonia, kando ya mto Danube, viliasi, na mojawapo ya malalamiko yao ni kwamba aliyenusurika miaka yote ile anaburutwa mpaka nchi ya mbali, anaonyeshwa kinamasi au mlima usiolimika, anaambiwa shamba lako ndilo hilo. Mwenye kugawa huwa anagawa kile ambacho hakuna aliyekitaka. Mkisikia mradi wowote wa kugawa, swali la kwanza liwe hapo: kwa nini ardhi hii ilikuwa bado haijachukuliwa?

Sogea karibu. Australia baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia iliwapeleka makumi ya maelfu ya askari mashambani. Vipande vilikuwa vidogo, kila kitu kilinunuliwa kwa mkopo, wengi hawakuwa wamewahi kulima, na miaka ya 1920 bei za mazao zikashuka. Wengi walishindwa, na serikali ikapata hasara. Mwaka 1929 Jaji Pike, aliyepewa kazi ya kuichunguza hasara ile, akakabidhi ripoti yake na kutaja sababu nne: mtaji kukosekana, shamba kuwa dogo kuliko mahitaji ya familia, watu kutofaa kwa kazi ile, na bei kuanguka. Zisomeni tena. Ni moja tu inayomgusa mkulima mwenyewe. Tatu zilizobaki hata ungekuwa na nidhamu ya chuma huzitoi.

Kanada nayo ilipita humohumo: mkopo wa ardhi, wa mifugo, wa zana, halafu bei zikaanguka na madeni yakabaki palepale. Wengi waliacha mashamba. Ila wenzetu walijifunza. Sheria yao mpya ya 1942 ilikubali sehemu ya gharama isamehewe kwa aliyetimiza mkataba wake miaka 10, na ikaruhusu askari achukue kiplot kidogo karibu na mji, alime huku ana ajira yake. Hilo la pili watu hulipuuza, kumbe ndilo linalomwokoa mtu msimu mbaya ukija.

Halafu Marekani, 1944. Ile sheria yao maarufu ya kuwasomesha askari haikuishia vyuo vikuu. Kulikuwa na mafunzo ya kilimo shambani: mtu anahudhuria darasa, mwalimu anamfuata shambani kwake au kwa mkulima aliyemwajiri, na posho ya kujikimu inaingia. Askari wapatao 690,000 wa vita ile walipita njia hiyo. Posho ile ndiyo inayonivutia kuliko darasa. Ilimfanya mtu asile mbegu.

Naomba tujadili, matusi pembeni.

Koplo wa Zamani

Mkuu, nimetumika jeshini na sasa nalima, kwa hiyo nina haki ya kukubishia kidogo. Umetupunguzia sifa mno.

Kuna vitu tunakuja navyo ambavyo mkulima wa kawaida anavitafuta maisha yake yote. Cha kwanza ni doria. Mimi nakagua shamba langu kila asubuhi kwa njia ileile na saa ileile, nasimama vituo vilevile na kupindua jani kuona mgongo wake. Viwavijeshi (jina lenyewe hilo!) huwezi kuwaona ukiwa barabarani. Mayai yanatagwa kwa mafungu, na kiwavi akiwa mdogo unammaliza kirahisi. Akishajichimbia ndani ya mmea dawa haimfikii. Jirani yangu ni mkulima hodari, lakini shambani anakwenda anapojisikia. Mimi nakwenda hata nisipojisikia.

Cha pili ni kuandika. Zamu ikiisha lazima kitabu cha matukio kijazwe, hiyo ndiyo lugha tuliyokulia nayo kazini. Daftari langu lina siku ya kupanda, mvua, dawa gani na kiasi gani, nani alifanya kazi gani. Afisa wa mikopo alipolifungua aliacha kuniuliza maswali mengi.

Na zana. Bomba la kunyunyizia dawa kwangu halilali chafu.

Mtu wa Ugani

Koplo, yote uliyosema nayakubali na nimeyaona kwa macho. Sikuzibeza sifa. Nasema zinasaidia kuanzia pale mtu anapojua anachokagua. Ukipindua jani na hujui yai la kiwavijeshi linafananaje, umepindua jani tu.

Halafu wewe mwenyewe utakuwa shahidi wa lile ambalo halisemwi: mshahara. Jeshini fedha inaingia kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta ya gari yanatoka, buti zinatoka, chakula kinatoka. Mtu anaweza kusimamia vifaa vya thamani kubwa kwa miaka mingi na hajawahi kuulizwa kimemgharimu kiasi gani. Shambani anaanza kutoa fedha mwezi wa kwanza na anaanza kupokea baada ya mavuno, tena kwa bei ambayo hakuipanga yeye. Hapo ndipo wengi huzama, wakiwa na mazao yamesimama vizuri kabisa shambani. Anauza kabla ya wakati kwa sababu ada ya shule haisubiri.

Koplo wa Zamani

Hapo umenigusa, sibishi. Na ongeza lingine: vibarua si kuruta. Ukiwapigia kelele leo, kesho hawaji, na palizi haingoji.

Mama Mavuno

Naomba niseme kwa niaba ya wake zao, maana nyote mnaongea kana kwamba huyu mstaafu anashuka kwenye shamba tupu.

Mume wangu alipokuwa kikosini shamba lilikuwa likilimwa. Na mimi. Nilijua kipande gani kinatuamisha maji, nilijua mnunuzi gani anachakachua mizani, nilikuwa kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Aliporudi moja kwa moja akaitisha kikao, akachora ramani, akanipangia majukumu. Ramani ilikuwa nzuri, sikatai. Ila palepale alipopanga ghala ndipo maji hupita.

Tulielewana, lakini ilibidi nimwambie waziwazi kwamba kwenye shamba hili mkuu wa kikosi nimeshakuwepo. Sasa nyie mnaoandaa mafunzo, mnamwita mstaafu peke yake, mnampa cheti, mnampiga picha. Mke aliyelima muda wote ule hajaitwa hata siku ya kufunga. Na fomu za mkopo zinatoka kwa jina la nani? Mwalimu wa msimu wa kwanza ambaye Mtu wa Ugani anamtafuta, nyumba nyingi anaye tayari jikoni.

Mtu wa Ugani

Mama Mavuno, heshima yako. Hili nalibeba kama lilivyo. Waandaaji wamwalike mume na mke pamoja, na mkataba wa mkopo usainiwe na wote wawili.

Hoja Nzito

Nauliza swali lisilopendeza. Kwa nini askari? Vijana wamejaa vijijini wanalima tangu utotoni, hawana pensheni, hawana kiinua mgongo, benki haziwatazami. Kwa nini programu maalumu iende kwa mwenye kipato cha uhakika?

Na msisahau historia ya jambo hili katika ukanda wetu. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ya Kenya ilianzisha mpango wa kuwapa askari wastaafu mashamba. Waliopewa ni Wazungu. Sehemu ya ardhi ile ilimegwa kutoka kwa Wanandi. Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi katika Vita ya Kwanza ya Dunia, wakafa kwa maelfu kwa maradhi na njaa njiani, hawakupata hata kiwanja. Kwa hiyo mtu akiniambia "ardhi kwa mashujaa" mimi nauliza kwanza: ardhi ya nani, na shujaa yupi?

Mtu wa Ugani

Hoja Nzito, jina lako unalitendea haki.

Na mfano wako una sehemu ya pili inayofaa uzi huu. Wakati huohuo kulianzishwa koloni la maofisa wa Kiingereza waliolemazwa na vita, kule Kericho. Walikuwa na ardhi nzuri kupindukia, na walikuwa na watu wakubwa nyuma yao. Wakaweka karata zote kwenye kitani, mmea wa nyuzi za kufumia nguo, kwa kuwa bei yake wakati wa vita ilikuwa juu sana. Vita ikaisha, bei ikaporomoka, mradi ukafa baada ya miaka michache tu. Ardhi ile leo ni mashamba ya chai. Yaani hata ukipendelewa kuliko wote, hata ukimegewa ardhi ya watu, soko likikugeuka umekwisha.

Kuhusu kwa nini askari: mimi sitetei kwamba wana haki kuliko kijana wa kijijini. Natetea kwa sababu ya upande wa pili wa shilingi. Mtu aliyefunzwa silaha akirudi uraiani hana kazi wala pa kujishika, gharama yake huwa ya jamii nzima. Msumbiji walilijua hilo. Baada ya mkataba wa amani wa 1992 uliomaliza vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, askari wa pande zote mbili waliovunjiwa vikosi walilipwa posho kwa miaka 2, wakiichukua kwenye benki iliyo karibu na walikochagua kuishi, na wengi walirudi kulima. Posho ile ilimfanya mtu akae kwao badala ya kurandaranda. Ingawa kulikuwa na kikwazo ambacho hakuna darasa la kilimo linalokifundisha: mashamba yenyewe yalikuwa na mabomu ya kutegwa ardhini. Nchi ile ilitangazwa haina mabomu hayo mwaka 2015. Hesabu miaka.

Na hakuna sheria inayosema mafunzo yawe ya askari pekee. Kijana na mstaafu wakiwekwa shamba moja, mmoja anajua udongo na mwingine anajua kutunza kumbukumbu. Nimeona ikifanya kazi.

Fundi Pampu

Wakuu, mbona mnaongea kama kilimo ni kulima tu? Kwenye msafara wote wa chakula tangu mbegu hadi sahani, wenye majembe ni sehemu.

Mhandisi wa medani aliyezoea kujenga madaraja na kuchimba mahandaki anaweza mifereji ya umwagiliaji na mabwawa. Aliyekuwa karakana ya magari anaweza matrekta, na huko matrekta yamekufa kwa kukosa mtu wa kubadilisha chujio la mafuta kwa wakati. Dereva wa msafara anafaa malori yenye ubaridi. Hawa hawahitaji hekari hata moja.

Namjua mmoja alikuwa mtunza stoo. Sasa anasimamia ghala la ushirika. Ukiingia utajua tu huyu alitoka wapi: magunia yamepangwa juu ya mbao, hayagusi ukuta, kuna njia ya kupita kila upande, kilichotangulia kuingia kinatangulia kutoka. Mkulima akileta mahindi anasema ni makavu, yeye habishani. Anachukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, anatia punje na chumvi kavu kidogo, anatikisa, anaiacha kidogo itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Kipimo cha kielektroniki anacho, anakitumia kuhakikisha yamefika asilimia 13 au chini ya hapo, lakini anasema chupa inamaliza ubishi kwa sababu mkulima anaona kwa macho yake.

Tatizo ni vyeti. Jeshi linajua huyu ni fundi, mwajiri wa uraiani anataka karatasi. Mtu ana ujuzi wa nusu ya maisha yake, anaambiwa aanze cheti cha mwaka wa kwanza pamoja na watoto. Wanaotaka kumsaidia mstaafu waanzie hapa: apimwe ujuzi alionao, apewe cheti cha uraiani kabla hajavua gwanda. Haihitaji ardhi wala mkopo.

Mtu wa Ugani

Fundi, umemaliza. Mimi ningeweka hoja yako juu ya yangu kama uzi ungekuwa unaharirika.

Nyuki Mkali

Ndugu yangu alirudi na majeraha, mguu na masikio. Akili pia haikutulia, nisizunguke. Kila mtu anasema shamba litamtuliza. Ni kweli?

Mtu wa Ugani

Pole sana kwa ndugu yako.

Nitajibu bila kupamba. Kazi ya mimea na wanyama inawasaidia wengi: ina ratiba, ina matokeo unayoyaona, na mtu hasemeshwi asipotaka. Marekani chuo kikuu cha jimbo la Michigan kimewahi kuendesha mafunzo ya ufugaji nyuki kwa askari wastaafu, na si ajabu wamechagua nyuki. Mzinga unakutaka uende taratibu na uache mawazo mengine nje. Marekani wana pia mpango wa AgrAbility, uliotokana na sheria ya kilimo ya 1990, unaosaidia wakulima wenye ulemavu kurekebisha zana na mazingira ya kazi. Ngazi ya trekta inaongezwa kidato, usukani unawekewa kishikio, meza ya kitalu inainuliwa ili mtu afanye kazi ameketi.

Lakini shamba si hospitali. Shirika la Kazi Duniani linakihesabu kilimo katika sekta tatu za hatari zaidi, pamoja na uchimbaji madini na ujenzi. Ndugu yako mwenye shida ya masikio asiwekwe kwenye mashine ya kukoboa wala kusaga bila vizibo vya masikio. Kuna mashamba yanayofukuza ndege kwa mitambo ya gesi inayotoa mlio mkubwa kama wa bunduki kila baada ya muda. Ulizeni kabla, na ulizeni hata kwa jirani, maana mlio haujui mpaka. Sumu za kuua wadudu zinazoshambulia mishipa ya fahamu asizishike yeye. Na msimu ukiharibika, mtu ambaye tayari amelemewa analemewa zaidi. Daktari au mshauri wake aendelee naye. Kilimo kiwe nyongeza, na deni la kilimo lisiwe juu ya kichwa chake.

Hoja Nzito

Hapo kwenye deni nakuunga mkono kwa mikono miwili. Wauza mashine na wauza miradi ya "faida ya haraka" wanajua tarehe za kustaafu kuliko mstaafu mwenyewe.

Koplo wa Zamani

Wanajua mpaka kiasi. Mwenzangu aliuziwa kitalu nyumba kizima, mabomba, tangi, nyanya zenye picha nzuri kwenye karatasi. Hakuna aliyempima maji ya kisima chake. Yalikuwa na chumvi.

Mtoto wa Mzee

Wakuu, nimesoma tangu juu. Mzee wangu anastaafu mwakani. Ameshaona shamba, ameshapiga picha, anataka kulipa lote siku fedha ikiingia. Nimwambieje? Ni mtu wa amri, kumshauri ni kazi.

Mtu wa Ugani

Kijana, usimwambie asinunue, atanunua kesho yake. Mwombe afanye upelelezi, lugha hiyo anaielewa. Aende lile shamba wakati wa mvua kubwa na arudi wakati wa kiangazi kikali. Aongee na majirani wa pande zote nne bila kuwaambia kwamba ananunua. Achukue udongo sehemu mbalimbali za shamba, auchanganye, apeleke sampuli maabara. Na maji vilevile. Hati aikague kwa ofisi ya ardhi yenyewe, si kwa dalali. Akute mtu anayelima zao lilelile jirani, amwombe kazi.

Fedha: pensheni ya mwezi ilishe nyumba, isiguswe na shamba. Kwenye kiinua mgongo atenge kwanza matumizi ya misimu miwili ambayo haitaingiza kitu. Kinachobaki ndicho cha kuzungumzia. Kama kinatosha kukodi kipande kidogo tu, akodi.

Na mama yako akae kwenye kila mazungumzo. Mama Mavuno amekwisha kukueleza kwa nini.

Mtoto wa Mzee

Nimempelekea. Kaniuliza huko kwa mkulima mwingine ataanza na cheo gani.

Mama Mavuno

Kibarua 😂

Mtu wa Ugani

Aanze na mavuno, asianze na kupanda. Wakati wa mavuno ataona magunia yanapimwa, ataona mnunuzi anavyokata uzito kwa kisingizio cha unyevu, ataona vibarua wanalipwa kabla mwenye shamba hajalipwa. Akibaki na hamu baada ya hapo, apande msimu unaofuata. Kama likizo yake ya kustaafu inaangukia msimu wa mavuno, bahati yake, aitumie hiyohiyo.